Mama Anasalimia Vizuri

3 Oktoba

Inatangazwa rasmi kwa wakazi wote wa nyumba hii ya Katubuka, ambao ni mama yangu, mimi na kuku, kwamba kuanzia leo chumvi itakaa kwenye kopo la bluu na sukari kwenye kopo jekundu, na mpangilio huu hautabadilishwa bila kikao. Uamuzi umefikiwa baada ya jirani yetu Eufrasia, ambaye pia ni katibu wa jumuiya, kunywa chai ya chumvi asubuhi ya leo na kusema ni tamu. Mama ndiye aliyeiandaa. Chai ya mtu mzima hairudishwi. Eufrasia alimaliza kikombe, akashukuru, akaenda kwake akiwa na kiu.

Mvua bado.

4 Oktoba

Mama amebadilisha makopo. Hakuna kikao kilichoitishwa.

7 Oktoba

Sista Catherine amepiga simu kutoka Kasulu. Shule yao ya wasichana inataka fundi cherehani wa kukaa palepale, ashone sare na kufundisha wasichana kushona. Kuna chumba. Nilimuuliza kama chumba kina mlango. Akacheka, akadhani natania.

Nina miaka arobaini na minne. Nilirudi nyumbani kutoka Uvinza mwaka ule mume wangu alipogundua kwamba nyumba yetu ina nafasi ya mke mwingine. Tangu hapo nalala chumba kimoja na mama, kwa sababu chumba cha pili kimejaa vitu vya marehemu baba ambavyo haviruhusiwi kuguswa. Cherehani yangu iko barazani. Mvua ikinyesha kwa upepo, nashona nikiwa nimeifunika kama mgonjwa.

Kazi inaanza shule zikifunguliwa Januari. Nimemwambia Sista naitaka. Kilichobaki ni kitu kidogo tu: mama asikae peke yake. Yaani kaka yangu Leodgar aliyeko Dodoma au mdogo wangu Skolastika aliyeko Mwanza akubali kumchukua, au mmoja wao aje. Na ili wakubali, lazima kwanza waamini kwamba mama hawezi kukaa peke yake.

10 Oktoba

Skolastika kapiga. Nilimweleza habari ya chumvi, na ya mama kuniuliza jambo lilelile asubuhi nzima mpaka najibu kabla hajauliza. Akasema nimpe mama simu aongee naye.

Basi nikasimama pembeni, nikasikiliza. Jamani, mama yangu anasalimia.

"Mwakeye, mwanangu. Mmeamkaje huko? Watoto hawajambo? Na baba yao? Kazi inakwenda? Na mvua, huko imeshaanza? Haya, Mungu asaidie. Na majirani? Na yule aliyekuwa anaumwa, sasa yukoje? Ee, pole yake, mpe pole sana. Na wengine wote?"

Salamu za kwetu ni ndefu, mtu anaweza kuingia upande mmoja na kutoka upande wa pili hajaulizwa kitu. Nilihesabu majina aliyotaja. Hakuna. Watoto ni "watoto", shemeji ni "baba yao", na "yule aliyekuwa anaumwa" ni mtego salama, maana kila familia ina mmoja.

Skolastika akaniomba simu. "Geno, mbona mama yuko sawa kabisa? Kanikumbusha mpaka mama mkwe wangu anaumwa. Wewe ndiye umechoka, dada. Pumzika."

Nimepumzika. Nilikaa kwenye kigoda kidogo, kisha mama akauliza kama Skolastika hupiga simu siku hizi.

17 Oktoba

Siku hii inastahili wino.

Oktoba ni mwezi wa rozari, jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba. Jioni ya leo ilikuwa zamu ya nyumba ya Eufrasia, na kama kawaida aliyeongoza ni mama. Ameongoza rozari tangu mimi sijapata Komunyo ya kwanza. Tukapiga magoti kwenye mkeka, sakafu ya simenti chini yake. Ijumaa ni matendo ya uchungu. La kwanza likapita, la pili likapita. Mama akatangaza: "Tendo la tatu. Yesu anatiwa miba kichwani." Tukasali.

Tukamaliza. Mama akavuta pumzi. "Tendo la tatu. Yesu anatiwa miba kichwani."

Kukawa na kimya kidogo, kama pale gari linapokosa gia. Kisha Eufrasia akaitikia, na sisi wote tukamfuata. Nani angemwambia? Mama Rozalia ndiye aliyewafundisha nusu ya watu wale Baba Yetu. Tukamaliza. "Tendo la tatu," akasema mama, kwa sauti ileile nzuri.

Bwana wetu alitiwa miba jioni ile mpaka nikamwonea huruma upya. Mzee mmoja aliegemea ukuta. Mama mwenye mimba alikaa kabisa. Hakuna aliyemtazama mwenzake, na kila mtu alikuwa anajua. Ndiyo heshima ya watu wetu: heri magoti yakatike kuliko mtu mzima aaibike. Mwishowe Eufrasia aliinua wimbo wa kufunga, ghafla, kama mtu aliyepandwa na furaha, na watu wakaudaka kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Nje, Eufrasia akanishika mkono. "Mama yako leo alikuwa mbali kiroho."

"Alikuwa mbali," nikasema.

"Wengine Mungu huwafikisha huko wakishazeeka."

Njiani mama alisema watu wa siku hizi wanasali harakaharaka.

18 Oktoba

Magoti.

24 Oktoba

Mvua ya kwanza. Imepiga mabati mpaka hatukusikiana, jambo ambalo lilikuwa mapumziko.

Ilipokatika, tukaanza kazi ya mawese. Mawese ya mama yanajulikana hadi soko la Mwanga. Watu huuliza "ya Rozalia yapo?" kabla hawajauliza bei. Mimi nilikuwa nachochea moto. Mama alikuwa ameshika mwiko mbele ya sufuria ya chikichi, na maji yalikuwa yamechemka, na chikichi zimeiva. Hatua inayofuata ni kuzipeleka kwenye kinu. Hata mtoto wa Katubuka anaijua.

Mama alisimama. Nikadhani anasikilizia. Kisha akasema taratibu, bila kunitazama, "Hapa huwa tunafanya nini?"

Nikamwambia tunatwanga.

"Najua tunatwanga," akasema kwa ukali. Akatwanga vizuri kabisa. Lakini baadaye, akinawa mikono, akasema, "Geno. Usimwambie Leodgar."

"Nisimwambie nini, mama?"

Alinitazama kwa muda. Nikaona kwamba na yeye analitafuta jibu, na kwamba analiogopa.

"Usimwambie tu," akasema.

Mpaka leo nilikuwa nadhani naishi na mtu msahaulifu. Kumbe naishi na mtu anayefanya kazi kutwa nzima, kazi ya kuficha, na hana hata mtu wa kumsaidia kuibeba. Sasa amenipa na mimi upande mmoja.

2 Novemba

Misa ya marehemu wote. Mama aliombea baba. Kisha akauliza baba yuko wapi, mbona hakuja misa.

5 Novemba

Asubuhi mama alikwenda soko la Mwanga, njia aliyoipita maisha yake yote. Adhuhuri hakurudi. Alasiri ikaja bodaboda, mama amekaa nyuma amejifunika kanga kichwani kama mke wa waziri. Kijana wa bodaboda alisema alimkuta kule chini Kasingirima, amesimama njia panda, akiwasalimia wapita njia mmoja mmoja.

"Nilimuuliza, bibi unakwenda wapi? Akaniambia, mwanangu, wewe unakwenda wapi? Nikamwambia mimi nipo tu. Akasema basi twende."

"Sasa ulijuaje nyumba?"

"Niliuliza njiani. Huyu si bibi wa mawese?"

Mama alisema aliamua kupita kuwasalimu watu wa Kasingirima, maana ni siku nyingi. Hatuna mtu Kasingirima.

11 Novemba

Nimempeleka mama kwenye zahanati. Nilimdanganya kwamba mimi ndiye ninayeumwa. Alinisindikiza kwa huruma nyingi.

Tabibu alikuwa kijana mwembamba, mwenye adabu, na adabu ndiyo iliyotuangusha. Alimpa mama shikamoo, mama akaipokea, akamuuliza habari za wazazi wake, za kwao, za masomo, mpaka kijana akasahau nani mgonjwa. Nikamkumbusha. Akaona haya, akatazama karatasi yake.

"Mama, samahani, nitakuuliza maswali madogo. Leo ni siku gani?"

"Mwanangu, umesoma mpaka ukavaa koti jeupe, siku huijui?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Kijana naye akacheka.

"Na huu ni mwezi gani, mama?"

"Wa mvua."

Nje ilikuwa inanyesha. Hapo mtu utasema nini? Akampima presha, akasema ni nzuri kuliko yake. Akaniambia, "Mama yuko vizuri, dada, ni mchangamfu sana. Kusahau kidogo ni uzee tu." Kisha akaniuliza mimi kama napata usingizi.

Tukarudi. Mama alikuwa na furaha, alikuwa ameshinda kitu. Mimi nilipewa panadol.

18 Novemba

Mama amewaambia majirani kwamba namwibia vitenge.

Kitenge chake cha Pasaka hakionekani. Alikuja barazani nikiwa nashona, mbele ya mteja, akaanza kupekua vitambaa vya watu kwenye kapu langu. Nikamwambia, mama, hivi ni vya wateja. Akasema, "Ndivyo wanavyosema." Mteja akachukua gauni lake ambalo halijaisha, akasema atakuja kesho.

Jioni Eufrasia alikuja kunishauri, na ushauri wenyewe alikuja nao umeshaiva. "Geno, mdogo wangu, kama una shida useme. Usichukue vya mama."

"Sijachukua."

"Mimi sisemi umechukua. Nasema usichukue."

Kilichoniuma ni kwamba mama aliposema alikuwa na uhakika kamili. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeibiwa. Ningekuwa mgeni ningemwamini yeye, si mimi.

20 Novemba

Kitenge kimeonekana ndani ya debe la unga wa muhogo, kimekunjwa vizuri. Mama alisema mwizi ameingiwa na woga akakirudisha. Akanitazama kwa msamaha.

26 Novemba

Leo Sista Catherine alikuwa Kigoma kwa shughuli za shirika lao. Tulipatana nimkute parokiani saa nne, anione, nimwonyeshe sampuli za mishono, tumalize. Asubuhi nilivaa vizuri. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Mama akiona mtu amevaa vizuri anajua anaondoka.

Nilipotoka chumbani, mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, wa uani umefungwa, na mama amekaa sebuleni, mikono mapajani.

"Mama, funguo ziko wapi?"

"Nimeziweka pazuri. Kuna wezi."

"Pazuri wapi?"

"Pazuri."

Nikatafuta kwa upole kwanza. Chini ya godoro, ndani ya viatu vya baba, nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu. Mama alikuwa ananifuata chumba hadi chumba, akinisaidia kutafuta. Baada ya muda akaniuliza tunatafuta nini. Mvua ikaanza. Madirisha ya nyumba hii yana nondo, baba aliziweka mwenyewe, alikuwa anaogopa wezi kuliko kifo. Nikampigia Sista, simu haipatikani. Nikasimama dirishani na gauni langu zuri, nimeshika nondo, nikaita.

Eufrasia akaja amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. "Mmefungiwa na nani?"

"Na mama."

"Mama yuko wapi?"

"Huyu hapa ndani, tumefungiwa wote."

Mama akasogea dirishani, akampa mkono kupitia kwenye nondo. "Eee, mwanangu, karibu. Umeamkaje? Watoto hawajambo? Pita ndani, mbona unanyeshewa?"

"Nipite wapi, mama?"

"Pita tu, mlango upo."

Eufrasia alibaki ameshikwa mkono, maji yanamtiririka usoni. Alimtazama mama, kisha akanitazama mimi. Nadhani pale ndipo alipoanza kuielewa ile rozari. Hakusema kitu cha kiroho. Alisema, "Geno, hii imeanza lini?"

Nilitaka kumjibu nikashindwa. Nimemjibu kuku mara nyingi kuliko binadamu mwaka huu.

Alimleta fundi akavunja kitasa cha uani. Saa hiyo Sista alikuwa ameshaondoka. Funguo zilionekana jioni ndani ya sufuria ya maharage, zimeiva pamoja nayo. Sista alinijibu kwa ujumbe kwamba ameelewa, ananisubiri mpaka mwisho wa Desemba, si zaidi.

27 Novemba

Maharage tulikula. Yalikuwa na ladha ya chuma.

1 Desemba

Mvua.

2 Desemba

Mvua.

3 Desemba

Mvua. Mama aliuliza kama ni mvua.

9 Desemba

Nikienda chooni, mama anakuja kusimama nje ya mlango. Hagongi. Anapumua tu. Nikimuuliza anasema alikuwa anapita. Nikienda kisimani yuko nyuma yangu. Nikishona, amekaa pembeni ya cherehani, magoti yake yamegusa yangu. Zamani nilidhani ananilinda nisiibe. Sasa naona ananifuata kama mtu anayeshika ukuta gizani: mimi ndiye ukuta. Ukuta hauhami.

Nimepanga mabegi kichwani. Begi moja.

14 Desemba

Leodgar amesema atakuja Krismasi. Nilimwambia kwenye simu, "Njoo ukae naye, uone." Akasema, "Nitakuja kuona. Lakini Geno, mama nimeongea naye juzi, kaniombea dua mpaka nikalia." Leodgar ni mhasibu wa serikali. Anaamini kilichohakikiwa, na mama kwenye simu amehakikiwa.

24 Desemba

Leodgar amefika. Mama alimkumbatia mlangoni, akapiga vigelegele, akamshika mashavu. "Baba umekonda! Kazi gani hiyo wanakupa? Karibu, karibu nyumbani." Usiku wa mkesha aliimba nyimbo zote za Noeli bila kitabu, beti zote. Leodgar alinitazama juu ya kichwa cha mama, na macho yake yalisema: sasa?

25 Desemba

Mama alikuwa msafi, mchangamfu, mcheshi. Kama nyumba iliyojiandaa kupokea askofu. Leodgar aliniita uani.

"Geno, nikuulize kama kaka yako. Ile kazi ya Kasulu unaitaka sana?"

"Naitaka."

"Basi ungesema tu unaitaka. Si lazima mama awe mgonjwa."

Nilikuwa nimeshika kuku wa Krismasi. Alinusurika kidogo, maana nilimwachia.

26 Desemba

Nimepata wazo. Si zuri, lakini ni langu.

Mama akiwa na watu wawili, mmoja anamsaidia bila kujua. Nami ndiye mmoja huyo. Akikwama kwenye neno, namtolea. Akiuliza mara ya pili, namjibu kwa namna nyingine isionekane ni mara ya pili. Nimekuwa fundi wa kumshonea viraka mpaka havionekani, halafu nalalamika kwamba watu hawaoni matundu.

Kesho naenda Ujiji kununua zipu. Zipu zipo hapahapa Mwanga.

27 Desemba

Nilikaa Ujiji kwa makusudi. Nilitembea mpaka ufukweni, nikatazama watu wakianika dagaa kwenye mchanga kati ya mvua na mvua, nikala mgebuka wa kuchoma peke yangu, polepole, bila mtu kunigusa goti. Nilijiona mwovu na niliona samaki ni mtamu.

Niliporudi alasiri, Leodgar alikuwa amekaa kwenye kigoda changu kando ya cherehani. Koti lake ameliweka mapajani, amelishika kama abiria. Mama alikuwa jikoni.

"Umepata zipu?" akauliza.

"Zimeisha."

Akasema, "Alinikaribisha chakula. Vizuri sana. Akaniuliza natokea wapi. Nikasema Dodoma. Akasema ana mtoto wake huko Dodoma, anaitwa Leodgar, labda tunafahamiana."

Nikaketi kando yake.

"Nikadhani ananitania. Mama ana utani. Nikasema, mama, ndiye mimi. Akacheka, akasema ee kumbe, akanishika shavu. Baada ya muda akaja na maji ya kunawa. Akaniambia, mgeni, mwanangu Leodgar anakuja Krismasi, ukikaa kidogo utamkuta." Akafuta pua kwa koti la kazini. "Geno, aliniuliza Leodgar atafika lini. Mimi. Mara ngapi sijui. Mwishoni nikamwambia kesho."

"Na mimi huwa namwambia kesho," nikasema.

Mama akatoka jikoni na sinia. Akamtazama Leodgar aliyekuwa analia, akaweka sinia chini, akakaa karibu naye, akampapasa mgongo. Hakumuita kwa jina. Alisema, "Nyamaza, mwanangu. Yataisha."

30 Desemba

Hospitali. Safari hii Daktari Elinipa, mwanamke wa makamo kutoka Kilimanjaro, ambaye hakukubali kusalimiwa zaidi ya dakika chache. Alimpokea mama vizuri, kisha akamkabidhi kwa muuguzi apimwe damu na mkojo na macho, akatufungia mimi na Leodgar ofisini.

"Nielezeni nyinyi," akasema. "Mgonjwa wa namna hii anajua kujisitiri. Nataka kumsikia anayeishi naye."

Nikaeleza. Chumvi, tendo la tatu, chikichi, njia panda, kitenge, maharage. Nilidhani atacheka, maana nilieleza kama ninavyoeleza. Hakucheka. Aliuliza vilianza lini, vinaongezeka au vimesimama, kama aliwahi kuanguka na kuumia kichwa, kama ana huzuni, kama analala.

Leodgar akasema, "Daktari, wazee si ndivyo walivyo?"

"Mzee akisahau jina la mgeni, akalikumbuka baadaye, huo ni uzee. Mtu aliyekamua mawese maisha yake yote akasahau kinachofuata, akapotea njia ya sokoni kwake, akaona anaibiwa na mtoto wake, huo siyo uzee. Ni ubongo unaumwa. Na wala si laana, wala hakuna aliyemtupia kitu, msije mkaanza kutafutana kijijini."

Kisha akamwita mama, akamwomba amweleze namna ya kutengeneza mawese, kwamba anataka kujifunza. Mama akafurahi. Alianza vizuri, akafika kwenye sufuria, akasimama. Akanitazama mimi. Daktari akaninyooshea kidole kimoja, taratibu, kwamba ninyamaze.

Kukaa kimya pale ilikuwa kazi ngumu kuliko zote za mwaka huu.

2 Januari

Majibu. Damu ni nzuri, hakuna maambukizi, hakuna upungufu ambao ungefanana na hali hii. Daktari amesema kwa dalili zote inaelekea sana ni Alzaima, ndiyo kwanza inaanza. Atampa rufaa kwa kipimo cha kichwa. Dawa ya kuufuta ugonjwa hakuna, zipo za kupunguza makali kwa baadhi ya watu. Lakini kujua mapema ni faida: mama bado anaweza kusema mwenyewe anataka nini, nasi tunaweza kupanga. Tusibishane naye, tusimpime kwa maswali, tumpe kazi anazoziweza. Na majirani waambiwe, ili akikutwa njia panda aletwe nyumbani.

Tulipotoka, mama aliuliza nani anaumwa. Leodgar akataka kusema hakuna. Nikamwambia mama, "Wewe, mama. Ni ugonjwa wa kusahau."

Akatembea kidogo. "Nilijua kuna kitu," akasema. "Nilidhani ni mimi tu."

4 Januari

Jumapili. Nimesimama mbele ya jumuiya, mama amekaa mbele. Nilimuomba ruhusa asubuhi, na tena baada ya chai, na tena mlangoni, na mara zote alikubali. Niliwaambia watu kwamba lile tendo la tatu halikuwa maono. Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, na mama akacheka kuliko wote. Kicheko kilipokwisha, Mzee Kasiani akasema mkewe alikuwa anaweka sabuni kwenye mboga, na yeye alimpiga. Alisema hivyohivyo, mbele ya watu. Mwingine akataja baba mkwe aliyefungiwa stoo mpaka akafa, kwa sababu walisema ana mashetani. Nilifikiri nimekuja kuwafundisha watu jambo geni. Kila nyumba ilikuwa nalo, limefungiwa ndani.

Eufrasia alikuja kwangu baadaye. "Habari ya vitenge," akasema.

"Yameisha."

"Ile chai ya chumvi pia nilijua. Ningesema siku ileile."

6 Januari

Kikao cha familia, Skolastika kwenye simu, sauti imefunguliwa. Nilikuwa nimejiandaa tangu Oktoba kwa mabishano. Hakukuwa na mabishano. Wote wananiamini. Skolastika alilia, akaniomba radhi. Leodgar alisema mbele ya mama kwamba bila mimi wangegundua wakati mambo yameharibika. Amesema mimi ni macho ya familia. Sijawahi kusifiwa hivyo, hata siku ya harusi.

Kisha akasema Daktari ameshauri mama asihamishwehamishwe. Dodoma angechanganyikiwa, Mwanza pia. Anahitaji nyumba anayoijua na mtu aliyemzoea, anayezijua dalili zake, anayejua kumjibu.

"Kwa kweli," Skolastika akasema kwenye simu, "nani mwingine anamjua mama kama Geno?"

Niliwaeleza habari ya Kasulu. Leodgar akasema tutaliangalia, pengine mwakani, akipatikana msichana mwaminifu wa kusaidia. Nikafikiria kusema kwamba labda mama hayuko vibaya kiasi hicho. Lakini nimetumia msimu mzima kuthibitisha, na nimethibitisha vizuri mno.

Mama alinishika mkono kikao chote. Goti lake liko palepale.

8 Januari

Leodgar ameondoka. Mama amemsindikiza mpaka barabarani, akampungia, akamwambia awasalimie wote.

13 Januari

Shule zimefunguliwa leo. Sista Catherine amepata fundi mwingine, mtu wa Buhigwe.